Pengo Katika Bustani ya Mafundo

Jumatatu, 31 Machi

Kesho lango linafunguliwa na mimi nimeshachoka. Hakuna mgeni aliyekanyaga nyasi bado, ila mgongo wangu unalia kama mlango wa ghala.

Baridi imeua kichaka kimoja cha mbuksi katika Bustani ya Mafundo, tena kile cha kona, mahali ambapo kila mgeni anayekuja hapa jumba la Pellbrook husimama kupigwa picha. Mibuksi yote imeshikana, mifupi, ya kijani, imekatwa kufuata mchoro wa mafundo wa tangu enzi za mababu wa wenye jumba. Halafu hapo kwenye kona pana pengo, utadhani jino limeng'oka. Nimemwomba Bwana Prentice, meneja wetu, mche mmoja tu. Kasema mwaka huu hakuna kununua mimea, weka chungu cha maua. Chungu! Clive, msaidizi wangu, aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Bosi, tuweke na zulia basi, tumalize kabisa."

Jioni nimemlalamikia Mama kwa simu mpaka sikio likawaka moto. Kanisikiliza yote, halafu akauliza Jumatatu ijayo tunakwenda wapi.

Jumatatu, 7 Aprili

Jumatatu Pellbrook hufungwa. Kwa hiyo siku yangu ya kupumzika na bustani naimalizia kwenye bustani za watu. Mama ana kadi ya uanachama, inamwingiza bure kwenye ngome na majumba ya kale nchi nzima, na kadi isipotumika, kwake yeye, ni dhambi. Ana miaka themanini na tatu, wamemkataza kuendesha gari, na ana binti mmoja asiye na mume wala udhuru.

Leo ilikuwa Ngome ya Hexmoor. Mvua. Tumekula sandwichi za mayai ndani ya gari palepale maegeshoni, vioo vimejaa mvuke. Gari la kushoto wazee wawili, sandwichi za mayai. Gari la kulia wazee wawili, sandwichi za mayai. Hakuna anayemtazama mwenzake. Ilipopungua kidogo tukatoka.

Kwenye mkoba wa Mama kuna mkasi wa kucha, leso iliyoloweshwa maji, na kofia ya plastiki ya kuogea.

"Lorna, simama hapo. Fungua mwavuli."

"Mama, mimi ni mkuu wa bustani. Wakinikamata?"

"Ndiyo maana nakwambia usimame vizuri."

Si yeye peke yake. Nusu ya wanawake wenye kadi ile wana mkono mrefu: wake za makasisi, walimu wakuu wastaafu, namjua hata mjane wa jaji. Dukani hawawezi kuiba peremende, lakini wakiona tawi zuri kwenye bustani ya jumba la kale, Mungu awasamehe. Wao wanaita kuokoa. Nami huwaona pale Pellbrook na kugeuza uso, maana nikianza kukamata watu itabidi nianze na mzazi wangu.

Karudi na glavu zimejaa udongo, ana furaha kama bibi harusi, na amekataa kunionyesha alichookoa. Saa mbili barabarani nyuma ya trekta. Nimefika nyumbani nikalala na viatu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Watu, watu, watu. Mtoto katapika kwenye bwawa la samaki.

Jumatano, 14 Mei

Pengo limezibwa!

Asubuhi nilikuwa napita na toroli nikaona mbuksi mdogo umesimama pale konani, umepandwa kwa adabu, udongo umeshindiliwa vizuri. Ni Clive, nani mwingine. Jumamosi na Jumapili huwa anakwenda kukatia watu bustani zao, bila shaka kaupata huko. Nikimwuliza, nitakuwa nimejua, na nikishajua itabidi nimwambie Prentice, na Prentice alishakataza. Sasa ya nini? Funika kombe mwanaharamu apite. Nilipita tu nikasema, "Kona imependeza."

"Imependeza kweli, bosi," Clive akasema, akanikonyeza.

Mama naye hujitolea kila Jumatano, anakaa sebuleni mwa jumba na beji yake kifuani kuwakataza wageni wasiguse piano. Kazi hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi tangu Baba afariki. Nilipompeleka nyumbani nikamwambia kuna msamaria kaziba pengo langu na nimefurahi. "Vizuri," akasema, akaendelea kutazama barabara.

Jumatatu, 26 Mei

Jumba la Saltersham. Foleni ya choo ndefu kuliko ya kuingilia. Skonzi ngumu, krimu kiduchu. Mama ameridhika sana, maana hakuna kinachompa raha kama skonzi mbaya za watu wengine.

Ijumaa, 6 Juni

Tumeanza kukata mibuksi. Hukatwa wiki ya mbio kubwa za farasi, ndivyo alivyofanya mkuu aliyenitangulia na aliyemtangulia yeye, na mimi si wa kubadilisha dunia. Clive alitaka tungoje majani yakauke, maana imenyesha siku nne mfululizo. Nikamwambia tukingoja kukauka katika nchi hii tutakatia Krismasi. Tumeanzia konani, tukazunguka fundo baada ya fundo, makasi yanateleza kwa maji.

Vidole havikunjiki.

Jumapili, 29 Juni

Mvua.

Jumatano, 2 Julai

Mvua. Mgeni mmoja kaniuliza kama nyasi huwa na maji hivi au ni mwaka huu tu. Nimemjibu kwa heshima. Sikumbuki nimesema nini.

Jumanne, 15 Julai

Bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaoua mibuksi.

Clive ndiye aliyeniita, kanyoosha kidole tu. Mbuksi wa konani umebaki vijiti, vijiti vina michirizi myeusi, na majani yamemwagika chini kama machicha ya chai. Kisha inayofuata. Kisha inayofuata, kwa mpangilio uleule tuliopita na makasi. Tulikuwa tunaugawa wenyewe, huku tunapiga mluzi.

Nilichuchumaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Clive alinitazama, nami nikamtazama, kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Kisha tukaenda kunywa chai.

Ijumaa, 25 Julai

Amekuja mtaalamu wa magonjwa ya mimea, mama mmoja mpole mwenye buti safi mno. Hukumu: yote ing'olewe na ichomwe, mizizi na majani, wageni wakishaondoka mwisho wa Oktoba. Na mbuksi hauwezi kupandwa tena pale. Bustani ya Mafundo imekwisha. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekuomba radhi kwa kukukanyaga.

Alisema pia ugonjwa umeingia na ule mche wa konani.

"Nani aliupanda?" Prentice akauliza.

"Nilidhani ni Lorna," akasema Clive.

"Nilidhani ni Clive," nikasema mimi.

Miezi miwili na zaidi tunapishana na toroli mahali palepale, hakuna aliyefungua kinywa kuuliza. Prentice aliyazungusha macho yake kati yetu, yakatua kwa Clive. Mimi sina bustani nyingine. Clive ndiye anayezunguka na makasi yake wikiendi.

"Itabidi tufikirie," akasema Prentice. Akisema hivyo, ujue ameshafikiri.

Jumatatu, 18 Agosti

Sina hata nguvu ya kushika kalamu, ila nisipoandika nitapasuka.

Tulikuwa twende Jumba la Wynstow. Nilimfuata Mama nikakuta hajavaa viatu, nikatoka mlango wa jikoni kumngoja. Pale nje, kati ya maua yake ya geranium aliyookoa huku na kule, pana chungu kimoja chenye kijiti kilichokauka. Michirizi myeusi. Majani chini kama machicha ya chai.

"Hicho kimenishinda," Mama akasema nyuma yangu, anafunga kamba ya kiatu. "Pacha wake huko kwako kashika mizizi?"

"Pacha gani, Mama?"

"Si ule wa konani! Nilichomoa vichipukizi viwili Hexmoor, vyote na mizizi yake. Kimoja nikaja nacho Jumatano kwa basi la alfajiri, nikawahi kabla hamjaamka vizuri, nikakutilia kwenye pengo lako. Ulivyonililia kwenye simu! Nikasema mwanangu asife kwa kichaka." Akacheka. "Ukafurahi, nikaona nisiseme. Ukarimu ukishatangazwa si ukarimu."

Anajua bustani inaumwa, kila mtu anajua. Anadhani ni mvua. Wageni sebuleni wakimwuliza anawaambia ni mvua.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikaona mikono yake, imepinda kwa baridi yabisi, na nikaona jinsi mikono hiyo ilivyochimba ule udongo mgumu alfajiri, peke yake, kwa ajili yangu. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemwambia kwamba zawadi yake ndiyo iliyoua kitu kilichodumu kuliko ukoo wetu wote. Atavua beji mwenyewe. Na akishavua ile beji ataamkia nini?

Nikasema kichwa kinaniuma, Wynstow tuiache. Nikabeba kile chungu nikasema nakwenda kukiangalia. Nimekichoma nyuma ya nyumba yangu. Kimetoa moshi mwingi kuliko nilivyotegemea.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimemwambia Mama nina mafua.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemwambia gari lina hitilafu.

Ijumaa, 5 Septemba

Prentice kamwita Clive ofisini. Mkataba wake hautaongezwa, mwisho wake ni siku tukifunga. Nyumba anayokaa ni ya jumba, kwa hiyo na nyumba kwaheri. Clive katoka akaendelea kuchuma tufaha. Nilimfuata.

"Utafanya nini?"

"Nitaulizauliza." Akaweka tufaha kikapuni moja moja, taratibu. "Kinachoniuma si kazi, bosi. Ni watu kusema nimeiua mimi. Nimeikata mibuksi ile tangu nikiwa na nywele."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikaliacha. Nikasema pole.

Nitasema kesho. Nitamwambia Mama kwanza, kisha Prentice. Kesho.

Jumamosi, 6 Septemba

Harusi uwanjani, hema mbili. Sikusema.

Jumatano, 10 Septemba

Sikusema. Mama kwenye gari aliniuliza kama kuna lililonikwaza. Nikasema nimechoka tu. Hilo angalau ni kweli. Siwezi kumtazama usoni. Nikimtazama namwona Clive na kikapu chake.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwambia nina kikao. Jirani yake kaniambia Mama amempa paka wake. Nikashangaa, anampenda yule paka kuliko kanisa. Labda anamchosha.

Jumatatu, 22 Septemba

Mvua. Mama amegawa vikombe vyake vya bluu kwa wenzake wa sebuleni, kila mtu kimoja. Sikumwuliza. Mimi sasa ni bingwa wa kutouliza.

Jumapili, 28 Septemba

Mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi mzaa mama alikuwa akisema hivyo alipotuona tunaficha vidonda vya magoti. Sijui kwa nini nimemkumbuka leo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nilijikaza. Nilimpigia Mama asubuhi nikamwambia tunakwenda Wynstow, kabla hawajafunga. Akasema, "Sawa, mwanangu. Nitakuwa tayari."

Nilimkuta kavaa koti lake la mazishi na ile pini ya fedha. Kwenye gari hakusema kitu maili zote zile. Mama! Ambaye husoma kwa sauti kila kibao cha barabarani. Tulipofika mvua ikawa inapiga, tukabaki maegeshoni. Nikammiminia chai. Hakuigusa.

"Ni ipi?" akauliza.

"Ipi nini?"

"Nyumba ya wazee. Ni ile ya mjini, au ile iliyo karibu na barabara kuu? Kama nina nafasi ya kuchagua nataka ya mjini. Ile nyingine inanuka kabichi."

Sikuelewa. Kweli sikuelewa, nilibaki nimeshika chupa ya chai.

"Usinifanye mtoto, Lorna. Tangu Agosti hunitazami usoni. Jumatatu una mafua, Jumatatu gari bovu, Jumatatu kikao. Nikajua unazunguka kutafuta mahali pa kuniweka na unaona haya kusema. Sikulaumu. Umechoka, hata kipofu angeona umechoka. Paka nimeshampatia mtu. Vikombe nimegawa, maana nasikia huko wanakupa vya plastiki." Mgongo alikuwa ameunyoosha. "Nilitaka tu unipeleke wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Nililia. Sijalia mbele ya mama yangu tangu nikiwa shuleni. Nikasema yote pale pale, bila mpangilio: Mama, hakuna nyumba ya wazee, hakuna, ni ule mche. Ni wa Hexmoor. Ulikuwa na ugonjwa. Ni wewe uliyeuleta, bila kujua, na mimi na Clive tukausambaza kwa makasi, na bustani yote itachomwa, na nimeshindwa kukwambia.

Alinitazama.

"Ni hilo tu?"

"Mama, ni Bustani ya Mafundo nzima!"

"Ni hilo tu?" Akashika dashibodi kwa mikono miwili, akapumua kama mtu aliyetoka majini. "Ee Mungu wangu. Nimeua kichaka. Wiki zote hizi silali, mwanangu, kumbe nimeua kichaka!" Akacheka, kisha kicheko kikageuka, akalilia ile mibuksi, akalilia na paka. Tulikuwa tunalia wote wawili na vioo vimejaa mvuke. Wazee wa gari la pembeni wakahamisha gari lao.

Alipotulia akanywa chai yake, imeshapoa. Halafu akauliza, "Na nani kabebeshwa lawama?"

Nikamwambia. Kazi, nyumba, yote.

Kikombe kikashuka. "Clive anajua kwamba ni mimi?"

"Hapana."

"Wewe umejua tangu Agosti."

"Nilikuwa nakuogopea wewe, Mama."

"Mimi ni mzee, si yai." Akafunga mkanda. "Washa gari. Wynstow haina miguu, haitakimbia. Kesho asubuhi nakwenda kwa Prentice."

Jumanne, 7 Oktoba

Mama kaingia ofisini kwa Prentice na lile koti la mazishi, kakataa kukaa. Nilikuwa mlangoni.

"Bwana Prentice, mche ule wa konani ni wangu. Niliuiba Hexmoor, nikaupanda hapa kwa mikono yangu, na Clive hahusiki hata chembe. Binti yangu alikuja kujua baadaye." Kisha akavua beji akaiweka mezani.

Prentice aligeuka mwekundu mpaka masikio. Akasema jamani Bi. Thackray, hakuna haja ya hayo, keti basi, chai? Mama akasema haja ipo. Beji ikabaki pale. Kurudi nyumbani alikuwa mchovu, nikamshika mkono kupanda ngazi, na hakuutoa. Kesho asubuhi hana pa kwenda. Nimemwambia atakuja kwangu kunisafishia vyungu. Kasema atafikiria, vyungu vyangu ni vichafu mno. Jirani karudisha paka.

Jumatano, 8 Oktoba

Prentice kamwomba Clive radhi mbele yetu sote na kumrudishia mkataba. Clive kasema asante, atamjibu.

Mama kampelekea Clive keki ya tangawizi na kukaa kwake jioni nzima. Kumbe walicheka sana. Mimi, Clive hajanisemesha neno lisilo la kazi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Tumefunga. Wageni wa mwisho walitoka saa kumi, na kesho yake hatukuingoja, tukaanza kung'oa palepale, maana kwa mara ya kwanza mwezi huu hapakuwa na mvua. Mizizi ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani. Tulichoma fundo baada ya fundo, Clive upande ule na mimi upande huu, mpaka pakabaki uwanja mtupu wa udongo. Sijawahi kuona mahali padogo hivyo.

Tulipokuwa tunakusanya majivu nikamwuliza kama ameshamjibu Prentice.

"Nimemjibu. Nakwenda Saltersham. Wananipa na nyumba."

"Lakini yamekwisha, Clive. Kila mtu anajua si wewe. Mama amesema."

"Mama yako namheshimu," akasema. "Alikosa bila kujua, na alipojua, kesho yake tu akasema. Wewe ulinikuta nachuma tufaha, ukanipa pole, na ulikuwa unajua."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nilitaka kumwambia anisamehe. Maneno yenyewe si mengi, na nilikuwa nayo yote. Nikamwuliza kama angependa chai.

"Hapana, asante," Clive akasema, akachukua reki yake akaenda.